Kupima Afya za Wafanyakazi Bila Kuanika Siri Zao: Mwongozo Kamili kwa Ofisi za Utumishi Tanga

Kila msimu wa kupima afya unapofika, maswali yanayonifikia kutoka maghala ya Pongwe, hoteli za Raskazone na mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe ni yale yale. Majibu yametoka, niyapeleke wapi? Bosi anataka orodha ya wenye presha, nimpe? Nesi amenitumia majina ya wote kwa WhatsApp, niyafute au niyatunze? Ukijikuta unauliza hivyo, zoezi limeshaharibika, na halikuharibika siku ya majibu. Liliharibika wiki kadhaa nyuma, pale ambapo hakuna aliyeamua nani ataona nini.

Na Tanga ni mji wa kujuana. Ukipiga chafya Makorora, Chumbageni wanakupa pole. Jambo likitoka ofisini saa nne, saa sita liko barazani.

Mwongozo huu ni wa afisa utumishi wa sehemu yenye wafanyakazi kuanzia ishirini hivi hadi mia chache, isiyo na daktari wake. Kanuni inayoushikilia wote ni moja: mwajiri ana haki ya kujua kama mtu huyu anaweza kufanya kazi hii, na kwa masharti gani. Jina la ugonjwa si lake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kupanga tarehe

- Orodha ya kazi zote zinazofanyika hapo. Kazi, si majina ya watu.
- Daktari wa afya kazini, au daktari anayetambuliwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inataka upimaji wa kabla ya kuanza kazi na ule wa mara kwa mara ufanywe na daktari mwenye sifa. Duka la dawa la jirani lenye mashine ya presha halitoshi.
- Vyumba viwili vyenye milango inayofungwa, na mahali pa kusubiri palipo mbali navyo.
- Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, yenye mikanda ya saizi mbili au zaidi.
- Fomu ya ridhaa ya Kiswahili, ukurasa mmoja.
- Bahasha zinazofanana, za kugundisha.
- Maji ya kunywa, sukari, na kitanda au mkeka kwa watakaozimia wakiona sindano. Hawakosekani, na mara nyingi ni wale wenye miili mikubwa.
- Bajeti. Mfanyakazi halipi chochote. Mkataba Na. 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unasema upimaji uwe bure, usimpunguzie mtu kipato, na ufanyike ndani ya saa za kazi kadiri inavyowezekana. Kwa kibarua wa kutwa maana yake ni kwamba siku ya kupimwa ni siku ya kulipwa.

## Hatua ya 1: Anza na kazi, halafu ndiyo vipimo

Kosa linalorudiwa na wengi ni kuiambia kliniki, "Tupimieni kila kitu." Kliniki haina sababu ya kukataa, maana kila kipimo kina bei. Unaishia na lundo la majibu usiyoyahitaji, na kila jibu usilolihitaji ni siri ya mtu uliyojibebesha bure.

Zunguka eneo la kazi pamoja na daktari. Kwenye kila kazi muulizane kitu gani kinaweza kuumiza mwili hapa, na mwili wenye hali gani unaweza kumuumiza mwenzake.

Chukua kiwanda cha mkonge. Kwenye mashine za kuchambua nyuzi na chumba cha brashi kuna kelele na vumbi. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kuharibika kwa kelele ni zile za sauti nyembamba, karibu na hezi 4000 (mitetemo 4000 kwa sekunde), ndiyo maana mtu husema "nakusikia ila sikuelewi" miaka mingi kabla ya kuwa kiziwi. Kazi hiyo inahitaji kipimo cha usikivu, na kwa sababu ya vumbi inahitaji pia kipimo cha kupuliza kinachoonyesha nguvu ya mapafu.

Kwenye mawe, kokoto na ukataji wa zege kuna vumbi la silika. Hilo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona, na pia humrahisishia mtu kupata kifua kikuu. Hapo weka kipimo cha kupuliza na maswali ya kifua kikuu, na daktari ndiye ataamua nani apigwe picha ya kifua.

Dereva wa lori na wa foklifti: macho, kutofautisha rangi, presha, na maswali kuhusu kupoteza fahamu. Kutotofautisha rangi kwa kawaida ni jambo la kuzaliwa nalo, na huwapata wanaume zaidi, kwa kuwa jeni lake, yaani chembe ya urithi, liko kwenye kromosomu ya X na mwanamume anayo moja tu, ile aliyopewa na mama yake. Wengi hawajui kama wanayo. Fundi umeme anayechanganya waya mwekundu na wa kijani ana jambo la kuzungumza na daktari. Mwenzake anayefunga marobota ya mkonge hana.

Jikoni: kuhara, vidonda vya mikono, macho ya manjano. Karani wa ofisi: pengine macho tu. Sijaona sababu ya kumwambia mhasibu alete kinyesi kwenye kikopo, ila nimeona fomu zinazomtaka afanye hivyo.

Halafu pitisha kila kipimo kwenye swali hili: jibu likiwa baya, nitabadilisha nini kwenye kazi yake? Ukikosa jibu, kifute.

Utajua umefanikiwa ukiwa na karatasi moja yenye safu tatu, kazi, hatari na kipimo, na kazi mbili tofauti zikawa na vipimo tofauti. Kama kila mtu ana orodha ile ile, rudia.

## Hatua ya 2: Vipimo vya kukataa hata kliniki ikivitoa kwa punguzo

Virusi vya UKIMWI. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima VVU, isipokuwa katika mazingira machache iliyoyataja, na kuomba kazi si mojawapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, imeitaja VVU na UKIMWI miongoni mwa mambo ambayo ni marufuku kumbagulia mfanyakazi. Kibaiolojia pia hakuna cha kutetea: virusi hivi haviambukizwi kwa chakula, kwa kushikana mikono wala kwa choo cha pamoja. Ukitaka kuwasaidia watu wako, waalike watoa huduma wa kupima kwa hiari, siku nyingine, nje ya zoezi hili, na usiombe hata idadi ya waliopima.

Mimba. Kifungu hicho hicho cha 7 kimeitaja. Wapo wanaoificha ndani ya "kipimo cha mkojo", msichana anadhani anapimwa sukari. Huo ni udanganyifu, hata kama fomu ina saini. Anayelazimika kujua ni mpiga picha za eksirei, naye anamuuliza mwanamke faraghani kabla ya kumpiga picha, na jibu linabaki humo chumbani.

Sikoseli. Pwani yetu ina watu wengi wenye jeni hili. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa. Anabeba, na kubeba huko ndiko kulikowapa wazee wetu kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ukimpima mtu jeni umempima na dada yake na mwanawe ambao hawajakusainia kitu. Anayehofia mtu kuanguka juani kwenye joto la Januari afanye linalowasaidia wote: maji ya kutosha, kivuli, mapumziko, na mgeni wa kazi aanze polepole.

Homa ya ini aina ya B. Kwa anayeshika damu, kwa mfano wa zahanati ya kampuni au wa kufua mashuka ya hospitali, dawa ni chanjo: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu ikifika miezi sita. Kwa wengine kipimo hiki hakina kazi hapa.

Widal kwa wapishi. Kipimo hiki cha damu cha taifodi hukosea mara nyingi, kwa sababu kinaweza kuitika kwa ugonjwa uliokwisha zamani au kwa maambukizi mengine. Na hata kinyesi kikionekana safi leo, hakisemi lolote kuhusu Jumanne ijayo. Sabuni, maji yanayotiririka, na ruhusa ya mpishi kukaa nyumbani mpaka saa 48 zipite tangu kuhara kukome vinalinda wateja kuliko cheti ukutani. Mpishi asipolipwa siku hizo atakuja kazini na tumbo lake, nawe usimlaumu.

## Hatua ya 3: Andikiana na kliniki kabla ya sindano ya kwanza

Mapatano ya simu hayatoshi. Barua iwe na mambo haya, kwa maneno haya au yanayofanana nayo:

"Kliniki itampa kila mfanyakazi majibu yake yote, ana kwa ana. Kliniki itampa mwajiri cheti cha kufaa kazi tu. Cheti hakitakuwa na jina la ugonjwa, namba ya kipimo wala jina la dawa. Majibu hayatatumwa kwa simu ya mtu yeyote wa kampuni. Mwajiri akiomba zaidi ya hapo, kliniki itakataa kwa maandishi."

Sentensi ya mwisho wengi huishangaa. Iweke. Ni kinga yako siku mkurugenzi atakapokupigia usiku akitaka kujua "yule kijana ana nini hasa." Utamjibu kwamba hata wewe hujui, na itakuwa kweli. Wala hili halikutungwa Tanga: Pendekezo Na. 171 la Shirika la Kazi Duniani, la 1985 pia, linasema taarifa kwa mwajiri iseme juu ya kufaa kwa kazi na isiwe na mambo ya kitabibu.

## Hatua ya 4: Ridhaa ambayo mtu ameielewa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata, ukiacha hali maalumu zilizotajwa humo. Sehemu iliyobaki ni ya utu zaidi kuliko sheria.

Fomu ijibu maswali sita kwa lugha ya kawaida: unapimwa nini, kwa nini kazi yako inahitaji hicho, nani ataona majibu, mwajiri ataambiwa nini, ukikataa itakuwaje, na ukiona umeonewa ulalamike wapi.

Swali la tano ndilo linalokwepwa. Andika ukweli. Kama kipimo cha macho ni sharti la kuendesha foklifti, sema kwamba asiyepima hataendesha foklifti kwa sasa ila hafukuzwi. Kama kipimo ni cha hiari, sema ni cha hiari na kumaanisha.

Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemchagua yeye, wala si mnyapara wake. Dole gumba liwekwe mbele ya shahidi huyo. Na fomu zitoke siku tatu kabla, si pale kwenye foleni ambapo nyuma yake kuna watu arobaini wanaonung'unika.

Mabosi wengine hupenda kusimama kwenye mkutano wa asubuhi na kusema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Methali ni nzuri, ila ilimlenga mgonjwa na tabibu wake. Haikumtaja meneja.

Utajua umefanikiwa ukimsimamisha mfanyakazi yeyote getini, ukamuuliza mwajiri ataambiwa nini kuhusu vipimo vyake, naye akajibu sawasawa.

## Hatua ya 5: Panga siku na vyumba

Kuhusu tarehe, epuka Ramadhani. Wapo masheikh wanaosema damu kidogo ya kipimo haivunji saumu, ila mfanyakazi mwenye wasiwasi hapaswi kuanza kubishana fikihi na nesi. Tena mwili uliofunga tangu daku, unaokunywa dawa kwa ratiba iliyobadilika, hautoi picha ya kawaida ya sukari na presha.

Kipimo cha usikivu kifanyike asubuhi kabla mashine hazijawashwa, Jumatatu ikiwezekana. Sikio linahitaji angalau saa 14 mbali na kelele, la sivyo utapima uchovu wa zamu ya jana. Mpenda muziki wa harusi aulizwe pia Jumapili alikuwa wapi.

Sasa vyumba, na hapa naomba utulie, kwa sababu siri nyingi hutoka kwa mpangilio wa viti kabla hazijatoka kwa mdomo.

Ukiweka chumba cha pili kwa ajili ya "wenye matatizo", umeshatangaza. Wote waliokaa kwenye benchi wataona nani kavuka kwenda kule, na jioni wataulizana. Kila mtu apite vyumba vyote viwili. Cha kwanza ni cha vipimo, cha pili ni cha kuongea na daktari. Asiye na tatizo akae humo dakika kadhaa kama mwenzake. Daktari anaweza kuutumia muda huo kumuuliza kuhusu mgongo, usingizi au viatu vya kazi.

Watu waitwe kwa namba. Foleni isipangwe kwa idara wala kwa aina ya kipimo. Feni au redio iwake karibu na mlango wa chumba cha daktari, maana kuta za mbao nyembamba za ofisi zetu hupitisha kila neno.

Nesi wa kike awepo. Kuna mama atakayekubali kufungwa mkanda wa presha na mwanamume bila neno, na kuna mwenzake atakayesingizia kuumwa siku hiyo ili asifike. Atakayehitaji kuvua buibui apate chumba na wala asilazimike kuomba.

Wewe afisa utumishi usikae pale. Kazi yako ni kuleta chai na maandazi kwa waliokwisha kupima, halafu kuondoka.

## Hatua ya 6: Hakikisha namba ni za kweli

Daktari anajua haya, lakini wewe ndiwe unayepanga muda, na muda mfupi ndio unaoharibu vipimo.

Presha. Watu wetu wengi huja kazini kwa baiskeli. Aliyetoka Mabawa akikanyaga pedali kwa haraka, ukimfunga mkanda pale pale utampa ugonjwa asio nao. Akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu haikupishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Awe ametoka kukojoa, na asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Ndiyo sababu ya zile saizi mbili. Apimwe mara mbili, kwa kupishana dakika moja au mbili.

Mpaka wa presha ya juu ni 140 kwa 90, na hauthibitishwi kwa siku moja. Anayefika 180 kwa 120 huku kifua kinauma, macho yanaona giza au upande mmoja wa mwili umelegea, hasubiri cheti. Anakwenda hospitali sasa hivi, na dereva wa kampuni haambiwi zaidi ya "mpeleke Bombo."

Sukari. Kwa kipimo cha kufunga, mtu asile kwa saa nane. Maji matupu ruksa. Tangazo liseme wazi kwamba chai ya rangi yenye sukari ni chakula. Namba ya 7.0 (milimoli kwa lita) kwenda juu inaashiria kisukari, ila irudiwe siku nyingine. Kuna kipimo kingine kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu bila kufunga. Ni kizuri, lakini kwa mwenye sikoseli au upungufu wa damu kinaweza kudanganya, na daktari wa pwani analikumbuka hilo. Wanaotumia dawa za kisukari wapimwe kwanza kabisa asubuhi ili wakale.

Mapafu. Kipimo cha kupuliza kinategemea umri, jinsia na urefu, kwa hiyo urefu upimwe bila viatu. Mtu avute pumzi mpaka mwisho, kisha apulize kwa nguvu zote bila kukatisha. Yahitajika mapulizo matatu mazuri, na mawili bora yasitofautiane kwa zaidi ya mililita 150. Watu hupuliza kwa aibu mara ya kwanza. Nesi mwenye sauti ya refa husaidia. Tahadhari: mwenye kikohozi cha wiki mbili, homa, jasho la usiku au anayekonda bila sababu asipulize kwanza. Achunguzwe kifua kikuu, kwa sababu kupuliza kwa nguvu kunasambaza vijidudu chumbani.

## Hatua ya 7: Jibu la kwanza si hukumu

Hapa ndipo watu hupoteza kazi kwa ugonjwa wasiokuwa nao. Fanya hesabu hii na bosi wako, kwa namba za mfano.

Una wafanyakazi 200. Tuseme 2 kati yao kweli wana ugonjwa fulani. Kipimo chako ni kizuri: kinawapata wote wawili, na kati ya wazima kinakosea kwa 5 tu katika kila 100. Wazima wako ni 198, kwa hiyo kitawasingizia kama 10. Watakaoitwa kwa majibu mabaya ni 12, na 10 kati yao hawana kitu.

Kipimo hakijaharibika. Ndivyo uchunguzi wa watu wengi wasio na dalili unavyofanya kazi, na kadiri ugonjwa unavyokuwa adimu, ndivyo wanaosingiziwa wanavyozidi walio nao kweli. Kwa hiyo hakuna anayehamishwa kazi, kusimamishwa wala kunyimwa ajira kabla kipimo cha pili, cha kuthibitisha, hakijafanyika. Gharama yake ni yako, na nauli pia.

Nafasi ya kazi ishikiliwe mpaka jibu la pili lirudi. Mwombaji aliyeambiwa "tutakupigia" huku nafasi imeshapewa mwingine amehukumiwa tayari.

## Hatua ya 8: Cheti kinachoingia ofisini kwako

Cheti kina hali tatu tu: anafaa, anafaa kwa masharti, kwa sasa hafai kwa kazi hii. Masharti yaandikwe kwa lugha ya kazi. Linganisha hivi viwili.

Kibaya: "Ana kifafa, anatumia dawa, asipande juu."

Kizuri: "Anafaa kwa masharti. Asifanye kazi kwenye ngazi, juu ya paa wala karibu na mashine isiyo na kinga. Aangaliwe tena baada ya miezi sita."

Cha pili kinamtosha mnyapara kupanga zamu. Cha kwanza kinamtosha mtaa mzima.

Mfanyakazi asome cheti kabla hakijaondoka kliniki, na apewe nafasi ya kupinga kwa daktari mwingine. Bahasha ziwe nzito sawa: ukimwekea mmoja kurasa nne na mwenzake moja, wenye macho watahesabu.

Kliniki inaweza pia kukupa ripoti ya jumla, mfano ni wangapi usikivu wao umeshuka kwenye kitengo cha mashine. Iombe, ina faida kubwa, kwa sababu usikivu ukishuka kwa wengi mwenye tatizo ni mashine. Ila kitengo chenye watu wachache kiunganishwe na kingine. Jikoni kuna wanne, ukiandika "mmoja wa jikoni ana kisukari", umemtaja.

## Hatua ya 9: Kuamua juu ya kazi

Mtu akija na cheti cha masharti, mwulize yeye kwanza: ukifanya kazi hii kwa masharti haya, unahitaji nini? Mara nyingi jibu ni dogo. Kiti. Zamu ya mchana. Dakika kumi za kula kwa saa maalumu. Chumba kisicho na vumbi.

Sheria inaruhusu kumtofautisha mtu kwa sharti la lazima la kazi yenyewe. Dereva asiyeona haendeshi, na huo si ubaguzi. Lakini lazima uweze kuonyesha sharti ni la kazi hiyo, na kwamba ulitafuta njia nyingine kwanza. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ulemavu au ujauzito si sababu halali, na atakayekwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kupinga kuachishwa ana siku 30 za kufungua lalamiko. Mwambie hivyo hata kama hakuuliza.

Kifua kikuu kinastahili neno lake, kwa kuwa ndicho kinachowatia watu hofu zaidi. Matibabu ni bure nchini, na kwa kile cha kawaida mgonjwa anayemeza dawa vizuri huwa hana tena uwezo wa kuambukiza baada ya wiki mbili hivi. Anarudi kazini daktari akisema, wala hangoji miezi sita ya dawa iishe. Kwa siku alizokuwa nyumbani kuna likizo ya ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara.

Mjamzito aliyeamua mwenyewe kukueleza asipangiwe zamu ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi akileta cheti cha daktari. Kwenye kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto aondolewe siku hiyo hiyo.

Wenzake wakiuliza kwa nini fulani kahamishwa, mnyapara ana jibu moja: "Ni mpangilio wa kazi." Mfundishe jibu hilo mapema, asije akalitunga lake.

## Hatua ya 10: Kutunza kumbukumbu, na kupima anayeondoka

Faili la mfanyakazi ofisini kwako lina cheti tu. Majibu yako kliniki, chini ya kufuli ya daktari. Kama yaliwahi kuingia kwenye simu au kompyuta ya ofisi, mrudishie daktari, yafute pote, na andika kwamba umefuta.

Usikubali kumbukumbu za wafanya kazi za vumbi na kelele zichomwe kwa sababu stoo imejaa. Makovu ya silika huchukua kwa kawaida miaka kumi na zaidi kujionyesha, na aliyeacha kazi kwako leo anaweza kuyahitaji majibu hayo akiwa na mvi, akidai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Kwa hiyo anayestaafu, anayeacha au anayeachishwa apimwe tena usikivu na mapafu kabla ya kukabidhi kitambulisho, kibarua wa muda mrefu naye asisahaulike. Majibu yalinganishwe na yale ya siku alipoanza. Nakala moja apewe mkononi na aisaini, nyingine ibaki kwa daktari. Kliniki ikifunga milango, makabidhiano yafanywe kwa daktari mwingine, si kwa ofisi ya utumishi.